Raba ya Kuka Wandera

Trela ikifika hapa Malaba na breki zimeungua, watu wote wanaziba pua. Mimi peke yangu navuta. Navuta hiyo harufu mpaka mwisho wa mapafu, mpaka wateja wangu wa omena wananiuliza kama nina mimba. Sina. Hiyo kazi nilimaliza na nikafunga duka. Ni vile tu hiyo harufu, ya chuma moto na mafuta tamu-tamu kama dawa ya kikohozi imemwagika kwa jiko, ndiyo harufu ya ule wakati nilijua kabisa ninakufa.

Nilikuwa na miaka saba, ama nane. Mama yangu alikuwa anahesabu umri wetu kwa mafuriko ya Budalang'i, na mafuriko yalikuwa yanakuja yakitaka, kwa hivyo kwa hesabu yake mimi saa hii niko na miaka mia na kitu. Shule niliipita kando yake, nikaisalimia, nikaenda zangu. Basi nitawaambia tu vile ilikuwa, na mahali nimeongeza chumvi mtaonja wenyewe. Nyinyi wa rika yangu mnajua. Tulikuwa watoto wa kuambiwa kidogo na kuogopa sana.

Kwetu ni upande wa Funyula, pale vilima vya Samia vinaanza kusimama. Baba yangu alikuwa na pikapu. Hiyo pikapu ilikuwa nzee mpaka nafikiri ilizaliwa kabla ya barabara, ikakaa hapo ikingoja barabara ije. Hendibreki yake ilikuwa ya urembo tu, kama hereni. Kwa hivyo chini ya kiti kulikuwa na kigingi cha mti, kizito kama kichwa cha mbuzi, na hicho kigingi kilikuwa kazi yangu. Gari ikisimama, naruka, nakisukuma kwa tairi, narudi kukaa na maringo. Nilikuwa naamini gari yote inasimama kwa sababu yangu.

Siku za soko Baba alibeba muhogo, samaki na mbuzi. Ijumaa alibeba wafu. Mochari iko Busia, na mtu wetu akifia huko lazima arudi alale kwao, na gari ya kumrudisha ilikuwa ile yetu.

Sasa sikilizeni vile alikuwa anaendesha. Akiwa na muhogo, Baba alikuwa anakanyaga breki kama mtu anaua nyoka. Pah. Siku moja alikanyaga namna hiyo pale Bumala, mbuzi akatoka nyuma akaingia mbele bila kupitia mlango, na mpaka leo hakuna mtu anaweza kuniambia alipita wapi. Lakini akiwa amebeba mtu aliyelala, Baba alikuwa mtu mwingine. Alivua viatu. Alikanyaga na vidole vya mguu, polepole sana, hata yule aliyelala asijue kama gari imesimama ama bado inaenda. Alikuwa anasema, "Mtu amesukumwa maisha yake yote, mimi ndio nimsukume hata leo?" Watu walimpenda kwa hiyo. Walikuwa wanatoka mbali, wanapita gari zingine tatu, wanakuja kumtafuta mzee wa kuvua viatu.

Mimi niliona hivyo viatu vikivuliwa kila Ijumaa. Niliona, lakini sikuona.

Kuka Wandera alikuwa babu yangu, baba yake Baba. Kwetu babu tunamwita kuka. Na mnajua vile wazee wetu wako, mjukuu msichana anaitwa bibi yake, yaani mke. Ni mchezo wa nyumbani. Basi mimi Nabwire ndio nilikuwa bibi wa Kuka, na alikuwa ananitongoza mbele ya watu wote, meno mawili kinywani, fimbo mkononi.

"Hawa wengine wanakula tu," alikuwa anasema. "Bibi yangu ni huyu. Mimi nikitangulia huko, nitajenga nyumba, halafu narudi kukuchukua. Usiolewe na hawa wezi wa muhogo."

Nami nilikuwa na mdomo. "Utakuja na nini, Kuka?"

"Na gari ya baba yako. Nani hapa ako na ingine?"

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Mimi pia nilicheka. Baada ya hapo hakumaliza hata msimu mmoja wa mahindi. Akapelekwa hospitali, akaenda kulala mochari, na Ijumaa tukaenda kumchukua.

Nilikaa mbele, katikati. Kulia ni Baba, miguu mitupu. Kushoto ni Senge, vile kwetu tunaita shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke mnene wa sauti nzito, ambaye kazi yake siku kama hizo ilikuwa kumwambia aliyelala mahali tumefika, asije akapotea akabaki njiani. Alikuwa anageuka kwa kadirisha ka nyuma anaongea na sanduku. "Baba, tumetoka Busia." "Baba, hapa ni Bumala, tunaacha hawa watu wa soko na kelele yao." Nyuma, kando ya sanduku, waombolezaji walikuwa wanaimba pole pole.

Karibu na kwetu kuna mteremko. Ukisimama juu yake unaona moshi wa jikoni yako mwenyewe, na ukianguka nao unafika kabla ya moshi. Chini kuna daraja dogo la saruji, halina kingo. Baba aliweka vidole kwa pedali, pole, vile alikuwa anafanya siku zote. Nilikuwa naangalia mguu wake kwa sababu ulikuwa na kucha moja nyeusi iliyonifurahisha. Nikaona huo mguu unashuka. Yeye hakuwa anasukuma. Ulikuwa unashuka wenyewe, taratibu, kama mguu wa mtu amesimama kwa matope ya Budalang'i maji yakiwa yamejaa, unajiona unaenda na huwezi kuuliza ni nani anavuta.

"Mzee," Baba akasema. Hakuwa anatuambia sisi.

"Nini?" Senge akauliza.

"Inazama."

"Nini inazama?"

"Breki."

Gari ilikuwa inaongeza mbio. Senge hakupiga kelele. Aligeuka kwa kadirisha, akaongea na sanduku kama mtu anaongea na mgeni aliyekataa kula. "Baba, ni sisi. Si watu wengine. Tunakuleta kwako. Unataka nini?"

Hapo Baba akasahau heshima yote. Akainua mguu akakanyaga kama amebeba muhogo, pah, pah, pah. Breki ikashika. Pikapu ikainamisha pua, vumbi ikatupita ikaenda mbele yetu, na lile sanduku likateleza likagonga ukuta nyuma ya kichwa changu.

Ko.

Mara moja tu. Tairi ya mbele ilikuwa imekanyaga saruji ya daraja. Halafu Senge akatoa kicheko kidogo, kile cha kusukuma hofu nje, akasema, "Anataka bibi yake." Baba akacheka. Waombolezaji wakaambiwa, wakacheka pia, wimbo ukaendelea. Ni mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu ni mimi peke yangu nilikuwa nimebishiwa hodi.

Siku iliyofuata ya soko tulibeba muhogo. Breki ilikuwa imara. Tukabeba mbuzi, imara. Ijumaa tukabeba mzee mwingine kutoka Busia, na kwa ule ule mteremko pedali ikazama tena, Senge akaongea tena, na mguu wa Baba ukapiga pah na ikashika. Ijumaa ya tatu, hivyo hivyo. Baba akaanza kukonda. Alifungua boneti akaangalia kile kikombe cha mafuta ya breki, kimejaa mpaka kwa mstari. Akaingia chini ya gari akapapasa kila tairi kwa ndani. Kavu kama midomo ya mgonjwa. Hakuna tone limemwagika mahali popote, na bado pedali inaenda chini. Mafuta hayapungui, hayavuji, sasa yanaenda wapi?

Akaipeleka kwa fundi wa pale sokoni Funyula, jamaa wa buti kubwa, kila buti ukiigeuza mtoto analala ndani. Huyo fundi akapanda, akakanyaga na buti. Ngumu, jiwe.

"Baba Nabwire, hii breki inaweza kusimamisha treni."

"Inazama."

"Inazama lini?"

"Ijumaa."

Fundi akamwangalia. "Siku zingine?"

"Haizami. Ni mpaka niwe na maiti."

Yule fundi aliweka spana chini polepole, akaosha mikono, akaikausha kidole kwa kidole. "Boss, hiyo si yangu," akasema. "Hiyo ni ya watu wa maombi."

Neno likatembea. Watu wakaanza kusema pikapu ya Baba Nabwire ina mtu anakaa ndani. Akina mama wa kanisa wakaja kuwekea boneti mikono, na katekista akanyunyiza maji ya baraka mpaka injini ikakataa kuwaka siku mbili. Baba naye akaanza kubadilika. Mguu wake, ule wa kuua nyoka, ukaanza kuomba badala ya kukanyaga. Hata na muhogo sasa alikuwa anagusa tu, halafu anaachilia, kama mtu anabisha kwa mlango asiotaka ufunguliwe.

Siku moja akaniita. Alitaka kuingia chini aangalie tairi wakati mtu anakanyaga. Aliniketisha kwa kiti cha dereva, ukingoni kabisa ndio mguu ufike.

"Kanyaga," akasema kutoka chini.

Nikakanyaga. Na mimi nilikuwa mwepesi, nyinyi, upepo wa Samia ulikuwa unanihamisha kutoka boma moja hadi lingine. Pedali ikanipokea kidogo. Halafu ikaanza kwenda. Pole, pole, chini. Nilikaza, ikaenda. Nilishika usukani, ikaenda, na mguu wangu juu yake, mpaka kidole kikagusa sakafu.

"Ananivuta," nikasema.

"Nani?"

"Kuka."

Baba alitoka chini ya gari na majani kwa nywele. Akanitoa, akakanyaga yeye mwenyewe, kwa hofu, kwa nguvu. Jiwe. Akanirudisha. Ikazama. Akakanyaga yeye. Jiwe. Akanirudisha mara ya tatu na hiyo mara alishika mguu wangu kwa mkono wake, akausikia ukishuka. Nikaona uso wake. Mtoto hapaswi kuona uso wa baba yake ukiwa hivyo, kwa sababu mtoto anafikiri baba ndiye ukuta wa mwisho, na mimi niliona ukuta ukitikisika. Alinibeba mpaka jikoni akaniweka karibu na Mama kama mtu anarudisha yai.

Senge alipoambiwa, hakucheka tena. "Mimi nilisema kwa mchezo," akasema. "Yeye amesikia."

Kutoka hapo nikawa mtoto wa kuangaliwa. Sikwenda kisimani peke yangu. Nikipiga chafya, watu wazima watatu wanasimama. Nikila sana wanaangaliana, nisipokula wanaangaliana. Nami nikafanya vile mtu mzima anafanya akijua safari yake: nikagawa mali. Kamba ya kuruka nikampa ndugu yangu mdogo. Kopo langu la kupikia matope nikampa mtoto wa jirani. Jino langu lililong'oka, ambalo nilikuwa nimelificha kwa ukuta, nikampelekea Mama, nikamwambia abaki nalo.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Aliangalia hilo jino kwa kiganja chake, halafu akaenda kusimama mbele ya Baba.

"Ijumaa unabeba nani?"

"Yule mama wa kwaya. Na kwaya yenyewe nyuma, watu kumi na wawili."

"Kupitia ule mteremko?"

Baba akaangalia miguu yake.

"Mimi simpatii mtu mtoto," Mama akasema, "awe hai, awe amekufa. Peleka gari Malaba, kwa yule Mganda wa trela. Kama ni shetani, yeye ameshaona mashetani ya tani thelathini. Na uende na mtoto, umwonyeshe kwa mguu wake. Ukirudi na ile ile hadithi, hiyo gari nitaichoma mimi."

Senge alikataa. Akasema huko ni kumpeleka mtoto mpaka mlangoni kwa Kuka mwenyewe. Walipomshinda, akapanda yeye pia, akasema lazima kuwe na mtu wa kuongea na Kuka njiani. Basi tukakaa vile tulikaa siku ile: Baba kulia, mimi katikati, Senge kwa mlango. Nyuma hakukuwa na kitu. Hata gunia.

Njia ndefu ilikuwa salama, Baba alienda mwendo wa mgonjwa, karibu tupitwe na konokono na mtoto wake. Shida ilitungoja Malaba. Kule trela zinapanga foleni kungoja kuvuka mpaka, na siku ile foleni ilikuwa imeanza karibu kwa babu wa Adamu. Tukaingia nyuma ya tangi la petroli. Barabara ilikuwa imeinama kidogo kwenda chini. Tangi linasogea hatua, tunasogea hatua. Linasimama, Baba anagusa breki, pole, anashikilia. Linasogea tena.

Halafu likasimama, na mguu wa Baba ukaanza kushuka.

Nilikuwa naungoja. Nilikuwa nimeukazia macho tangu Busia. Ulishuka vile ulishuka kwa mteremko, na lile tangi likaanza kukua mbele yetu, na ule mchoro wa moto nyuma yake, mwekundu, ukaanza kukua.

"Baba," nikasema, "leo hatuna maiti."

Ni Senge alijibu, bila kuniangalia. "Tuna wewe."

Siku zote nikikumbuka hapo, kitu kinachoniogopesha si breki. Ni Baba. Angeinua tu mguu akanyage muhogo, ingeshika. Alijua ingeshika. Lakini alikuwa ameshaamini. Alikaa hapo na mguu unazama, midomo inasema kitu bila sauti, kama mtu anayesikiliza hukumu yake. Injini inanguruma kidogo tu. Tunaenda kwa tangi mwendo wa mtoto anayejifunza kutambaa.

Sijui niliamua nini. Nilisikia tu mkono wangu uko chini ya kiti. Nilimpanda Senge, magoti, tumbo, bega, nikatoka kwa dirisha na kigingi kifuani, nikaanguka, nikakisukuma mbele ya tairi. Pikapu ikakipanda kidogo, ikafikiria, ikarudi, ikatulia. Kati ya boneti na lile tangi kungepita chapati, iwe nyembamba.

Tanboi, yule msaidizi wa dereva wa tangi, aliinama kutoka juu. "Mzee," akamwambia Baba, "unataka kununua petroli ama unataka kuinusa?"

Hapo ndipo mguu wa Baba ulipiga, pah. Jiwe, kama kawaida. Gari ikiwa imeshasimama.

Fundi tulimkuta kwa banda la mabati, katikati ya tairi zinazomzidi urefu. Kila mtu alikuwa anamwita Fundi Ssebo kwa sababu yeye alikuwa anaita kila mtu ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, hata wanawake akisahau kuwaita nnyabo. Mwembamba, njiti ya kiberiti mdomoni. Alisikiliza hadithi yote, Kuka, Ijumaa, daraja, tangi, na njiti haikusonga.

"Kikombe kimejaa?"

"Kimejaa."

"Tairi kavu?"

"Kavu."

"Kanyaga."

Baba akakanyaga. Jiwe. Fundi akaniita mimi. Nilikataa, Senge akanishika bega, nikapanda. Ikazama. Fundi akaangalia mguu wangu, akaangalia mguu wa Baba, muda mrefu.

"Sasa ssebo, panda wewe. Kanyaga vile unakanyaga umebeba maiti."

"Vile vile tu."

"Hapana. Nionyeshe."

Baba akapanda. Na kwa sababu alikuwa anaonyesha kwa ukweli, akainama, akavua viatu, akaviweka kando. Akaweka vidole. Pole. Ikaanza kushuka. Mchana kweupe, nyuma tupu, mtoto amesimama nje. Senge akaweka mikono kwa mdomo.

"Sasa kanyaga kama umebeba muhogo."

Pah. Jiwe.

Fundi Ssebo alicheka mpaka njiti ikaanguka. Halafu akaacha kucheka, ghafla, akamsogelea Baba karibu sana. "Wewe ssebo utaua watu na heshima," akasema. "Shetani hakuna. Uko na raba imeisha kwa masta, ile pampu ya breki. Ndani ya masta kuna raba, iko na midomo. Ukiigonga kwa nguvu, midomo inafungana na ukuta, mafuta yanaenda kwa tairi. Ukiigusa pole na midomo imeshakwisha, mafuta yanapita kando yake, yanarudi kwa kikombe chake mwenyewe. Hayamwagiki. Yanazunguka tu huko ndani. Unaona kikombe kimejaa unafikiri uko sawa." Akanionyesha na kidole. "Mguu wa mtu mzima unaficha makosa. Huu wa mtoto umesema ukweli."

Akatoa ile masta, akaifungua juu ya gunia, na hiyo harufu tamu ikatoka. Akachomoa kitu kidogo cheusi, kama kifuniko cha chupa, akakiweka kwa kiganja changu. Ukingo wake mmoja ulikuwa umelika kama sikio la paka mzee.

"Huyu ndiye alikuwa anakuvuta."

Nikakiangalia. "Na Kuka?"

"Kuka yako amechoka, nnyabo. Amelala."

Akaosha, akaweka raba mpya, akarudisha, akajaza. Kulikuwa na hewa ya kutoa, na akasema anataka mguu wangu. Kanyaga, anasema kutoka kwa tairi. Shikilia. Nyuma huko anafungua nati, mafuta yanatema povu kwa chupa, anafunga. Achilia. Tairi moja, tairi ya pili, mpaka zote nne, mpaka povu likaisha. Hapo sikuogopa, ilikuwa kazi kama ya kigingi. Hofu ilirudi aliposema, "Sasa kanyaga kidogo, pole, ukae hivyo mpaka nikuambie."

Mguu ulikataa. Nilikuwa naujua huo mguu, ulikuwa haunisikii tena. Senge akaja kwa dirisha. Hakuongea na mimi. Aliangalia nyuma, kwa ile bodi tupu, akasema na ile sauti yake ya safari, "Baba, huyu ni mtoto wa watu. Tumecheka ya kutosha. Mwache."

Nikakanyaga. Pedali ikaenda kidogo, ikagusa kitu, ikasimama.

Nilijua kuhesabu mpaka ishirini. Nikahesabu mpaka ishirini, imesimama. Nikarudi moja, nikaenda ishirini tena. Nilienda na kurudi mpaka jasho likaingia machoni. Fundi Ssebo alikuwa amenisahau, ameenda kula. Akarudi anafuta mdomo, akanikuta bado. "Nnyabo, wewe bado uko?" Mguu ulikuwa unatetemeka, lakini haukuwa umeshuka hata upana wa punje ya mtama.

Ijumaa Baba alibeba mama wa kwaya na kwaya yake kumi na wawili, akavua viatu juu ya mteremko, akagusa, pole, na gari ikasimama kabla ya daraja kama maji kwa mtungi. Waliendelea kuimba. Hakuna aliyejua. Senge mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema ni maneno yake yalisaidia, na Baba hakuwahi kumbishia. Alikuwa anasema raba ilisikia, na Mzee pia alisikia. Ile kuukuu nilibaki nayo. Iko kwa kibeti changu, pamoja na simu na sindano, imekuwa ngumu kama mbegu.

Baba ametangulia mwezi uliopita. Mochari ni ile ile ya Busia, gari sasa ni vani nyeupe ya kukodi, ina mapazia, na dereva wake ni kijana wa miwani nyeusi. Tulikuwa tumejipanga uani kwa mochari, wanaume wamemtoa Baba, wamembeba mabegani. Kitinda mimba wangu, Ajiambo, akakataa kupanda. Miaka minane, sare yote ya kanisa, ameshika mlango na mikono miwili.

"Nini?" nikamuuliza.

"Kuka alisema atakuja kunichukua."

Nilikuwa nimesahau. Ama sikuwa nimesahau, nilikuwa nasikia Baba akimwambia kila siku kwa boma langu na nacheka. Bibi yangu ni huyu. Nikitangulia nitajenga, halafu narudi.

"Alisema atakuja na nini?"

"Na gari."

Mimi nimechekesha watu kwa matanga yote kutoka Malaba mpaka ziwani. Siku hiyo niliacha utani.

"Kijana," nikamwambia dereva, "washa injini, halafu ushuke."

"Mama, kuna shida?"

"Shuka tu."

Nikamvua Ajiambo viatu, nikamweka kwa kiti, ukingoni ndio mguu ufike. Nikatoa ile raba kwa kibeti, nikamwekea kwa kiganja, nikamfunga vidole. "Kanyaga," nikamwambia. "Pole. Kama unakanyaga mgongo wa kifaranga. Halafu shikilia."

Akakanyaga. Pedali ikashuka. Upana wa kidole, ikaendelea kidogo, na mimi nikasikia nywele zangu zinasimama chini ya kitambaa. Akageuza macho kwangu.

"Hiyo ni kawaida, injini ikiwaka," dereva akasema nyuma yangu.

"Nyamaza," nikamwambia.

Ikasimama.

"Hesabu," nikamwambia Ajiambo.

Yeye ameenda shule, kwa hivyo yeye haishii ishirini. Akaanza. Jua lilikuwa kali. Wanaume walikuwa wanabadilisha mabega, sanduku linainama huku, linainama kule, mmoja akauliza ni nini kinangojwa. Themanini. Tisini. Mguu mdogo, kidole kimekunjwa, hakijashuka. Akafika mia akaniangalia.

"Mama, niendelee?"

Nikaangalia Baba pale juu ya mabega ya watu, anangoja, yeye ambaye hakupenda kumsukuma mtu.

"Endelea kidogo," nikamwambia.